Kibuyu Kilichorudi Nemba

Wageni wa kutoka Nemba walikuwa bado njiani, lakini Shangazi Uwimana alikuwa ameshanipaka mafuta mara mbili na kunifunga kitenge mara tatu.

"Tulia, Petronila. Unatikisika kama mtu aliyebanwa na haja."

"Sitikisiki, Shangazi."

"Basi ni mimi."

Tulikuwa jikoni, mlango umerudishwa. Nje wanawake wa jirani walikuwa wanamenya ndizi na kunisema kwa sauti ya kutaka nisikie.

"Amepata seremala. Huyo hatalala chini."

"Seremala wa Nemba. Watu wa kule wanaongea Kirundi mpaka na ng'ombe."

"Na wewe ng'ombe wako unamsemesha nini, Kiingereza?"

Wakacheka wote. Hata mimi ningecheka siku nyingine, maana Kihangaza chetu na Kirundi chao vinafanana kama mtu na mdogo wake.

Mlango ukasukumwa, akaingia mdogo wangu Joan na mzigo wa majani ya migomba kichwani. Aliushusha, akajifuta jasho kwa mkono mwembamba, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Dada, umependeza. Ukishaolewa nitalala upande wako, ule wa dirishani?"

"Utalala."

"Na ungo wako utaniachia? Ule unaoficha juu ya dari?"

Mkono wa Shangazi ulisimama mgongoni kwangu. Joan hakungoja jibu, alikuwa na haraka ya kwenda kuchungulia barabara. Alitoka anaruka mguu mmoja, kama watoto wa miaka kumi wanavyotoka mahali.

Inabidi nieleze kuhusu ungo.

Katika nyumba yetu kuna nuru. Sina jina jingine la kuipa. Bibi alikuwa nayo, ikaja kwa Shangazi, ikaja kwangu. Wingu la mvua ya mawe linapokuja kutoka upande wa mto Kagera, nalisikia kwenye mifupa kabla halijaonekana. Nachukua ungo, napanda kilimani nyuma ya nyumba, na inyamanza ananitangulia. Inyamanza ni yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia uani, ambaye kwetu hakuna anayemrushia jiwe. Kwa wengine ni ndege. Mimi ananisemesha, na mara nyingi ni kwa dharau. Nikifika juu, nywele zangu zinageuka nyeupe, kitenge changu kinawaka kama ndani yake kuna taa, na miguu inaacha ardhi. Huko hewani nalipepeta wingu kama ninavyopepeta maharage. Mvua naiacha ianguke mashambani kwa watu. Mawe nayarusha bondeni, mtoni, ambako hakuna mtu. Nikishuka nakuwa Petronila tena, mwenye matope miguuni na uongo mdomoni.

Nuru hiyo inakaa na msichana wa nyumba mpaka siku atakayoonja pombe ya posa. Akimeza tu, inamtoka na kumwingia msichana anayemfuata. Shangazi alipokunywa ya kwake, aliyekuwa anafuata ni mimi, na nilikuwa mdogo kama Joan alivyo sasa. Wingu langu la kwanza lilinivunja mfupa wa bega. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki mpaka leo. Nyumbani waliambiwa nimeanguka kwenye mparachichi.

"Usiniangalie hivyo," Shangazi akasema.

"Nakuangaliaje?"

"Kama unayenidai."

"Sikudai kitu, Shangazi."

Alikaa kwenye kigoda mbele yangu, akavishika vile vidole vyangu viwili. "Bibi yako aliniambia itaondoka. Hakuniambia inakwenda wapi. Na kama angeniambia, mwana wanje, mwanangu, sijui ningefanya nini. Nilimpenda yule mwanaume."

"Bado unampenda?"

"Anakoroma kama trekta." Kisha akatabasamu kidogo. "Ndiyo. Nampenda."

"Ikimpata mtu mzima, nuru inamchosha tu," nikasema. "Ikimpata mtoto inamvunja. Wewe na mimi tunajua."

"Nitamfundisha Joan mwenyewe."

"Utapanda naye kule juu?"

Shangazi aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Kwenye kona kilikuwa kimesimama kibuyu cha pombe ya ndizi ambacho watu wa Nemba walikuwa wametanguliza jana, na mrija wake mpya juu yake. Nilikuwa nakitazama tangu asubuhi. Nilikuwa nimeamua kunywa. Nilikuwa nimeamua hivyo mwezi mzima, kila nilipofumba macho, na uamuzi wangu haukutikisika mpaka Joan alipoulizia ungo.

Saa sita gari aina ya pikapu lilipanda kilima likipiga honi. Vigelegele vikajaa uwanja. Nikiwa bado jikoni, simu yangu ikatetemeka mapajani, ujumbe wa Fideli, seremala wangu. "Nipo nyuma ya migomba. Njoo kabla mama hajajua nimetoka."

Shangazi alisoma usoni kwangu. "Nenda," akasema. "Nitasema umekwenda kubadilisha kitenge. Kwa mara ya nne."

Fideli alikuwa amesimama kati ya migomba, koti kubwa kidogo mabegani, viatu vimeng'arishwa na tayari vina udongo mwekundu. Aliponiona aliacha kupumua kwanza. Yule kijana ana macho ya kutulia, yanakuangalia kama yanapima ubao, hayana haraka. Ndivyo alivyoniangalia siku ya kwanza pale gulio la Benaco, nikiuza maharage. Alinunua kilo moja. Gulio lililofuata akanunua tena, na lililofuata tena, mpaka nikamuuliza kijana anayeishi na mama yake tu anakula maharage kilo ngapi. Akaniambia, "Mama ameshachoka nayo. Mimi bado."

"Nimekuja kuomba maji ya kunawa," akasema sasa.

"Maji yako mbele ya nyumba."

"Nimepotea njia." Akasogea. "Petronila, kitanda kimeisha. Mninga mtupu. Mama amekikalia akakitikisa, akatafuta kasoro, akakosa. Akasema labda miguu ni mirefu."

"Mama yako amekubali kweli?"

"Amekuja, si umemwona? Bado anasema una kichwa cha mvua. Siku ile uliyokuja kutusalimia ukaacha chakula mezani ukakimbia, hajaisahau. Anasema msichana asiyetulia mezani hatatulia ndoani." Akacheka. "Nimembembeleza mpaka sauti imekauka. Lakini yamekwisha. Leo yanakwisha."

Nilitaka kucheka naye. Badala yake machozi yalinitoka, nikaona uso wake unabadilika.

"Kuna mtu mwingine?"

"Hakuna."

"Baba yako amekataa watu wa kuja?"

"Baba anakupenda kuliko anavyonipenda mimi."

"Basi nini?"

Nikanyoosha viganja, nikaiita ile nuru, kidogo tu. Ikaja. Viganja vikawaka weupe kama maziwa, majani ya migomba yakapata vivuli mchana ule, na nikahisi nywele zangu zinageuka kuanzia kwenye mizizi. Fideli alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mgomba. Lakini hakukimbia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukimbia kwake.

Nikamweleza yote. Nikamweleza wingu, ungo, pombe, Shangazi, bega langu. Nilipofika kwa Joan sauti ikakatika, nikamalizia kwa mkono, nikionyesha kimo chake.

Kisha akasema polepole, "Siku ile uliyokimbia mezani."

"Wingu lilikuwa linashuka kwenu."

"Mahindi ya jirani zetu wa Kaniha yalilala yote. Ya mama hayakuguswa. Mama alisema Mungu amepitisha mkono wake." Akapangusa uso. "Kumbe mama anakuchukia akiwa anakula mahindi yako."

"Fideli, ningojee. Joan akue tu. Akiwa mkubwa kama mimi, nitamfundisha, nitakunywa."

"Hiyo ni miaka, Petronila."

"Ni miaka."

"Mimi ni mtoto wa kiume peke yangu. Mama hatangoja hata msimu. Ameshanitajia msichana mmoja wa kanisani kwetu." Aliliangalia koti lake kama ni la mtu mwingine. "Nikikuahidi nitakuwa nakudanganya, na sijawahi kukudanganya. Hata yale maharage tulikula kweli."

"Najua."

"Kwa nini ulikubali nilete wazee?" Sasa sauti yake ilikuwa na hasira, na hasira ile iliniuma kuliko kama angenipiga. "Kwa nini hukuniambia kabla?"

"Kwa sababu nilitaka kunywa. Mpaka leo asubuhi nilikuwa nimeamua kunywa. Hata sasa nataka."

"Basi kunywa."

Nilivitazama viatu vyake vyenye udongo.

"Ukikikataa kibuyu mbele ya watu unajua itakavyokuwa. Baba yako hatanyanyua kichwa kanisani. Watasema binti yake amedharau wageni, watatafuta sababu, watasema una mimba ya mtu. Na Joan wakija kumposa wataulizia habari yako kwanza."

"Najua, Fideli. Yote nayajua."

"Basi mimi sijui nikuombe nini." Aliushika uso wangu kwa mikono miwili, mikono migumu yenye harufu ya mbao, akaniangalia kwa yale macho yake ya kupima. "Nikikuomba unywe, namwombea yule mtoto avunjike. Usinifanye mimi nichague."

"Sikuchagulishi."

"Fideli," sauti ya mama yake ikaita kutoka uwanjani. "Maji gani hayo unayonawa, umekwenda kuyachota Burundi?"

Aliniachia. Aliondoka bila kugeuka, na mimi nikabaki nimeshika mgomba mpaka nywele zangu ziliporudi kuwa nyeusi.

Uwanja ulikuwa umejaa. Baba yangu, Mzee Celestini, alikaa kwenye kiti cha mbele amevaa koti lake la Pasaka. Mshenga wao alikuwa Mzee Ntirampeba, mtu mrefu mwenye fimbo na maneno mengi. Alishazungumza kuhusu ng'ombe aliyepotea na mwenge aliouona unawaka kwenye kilima hiki, na watu walishacheka mahali pa kucheka. Baba akamjibu kwamba hapa hakuna mwenge, kuna majivu tu, wakacheka tena. Kwetu posa inapita kwenye mzaha kwanza.

Kisha Shangazi akanileta.

Nilipiga magoti kwenye mkeka. Kibuyu kikawekwa mbele yangu. Utaratibu wetu ni mfupi. Msichana anaonja kwa mrija, kisha anampelekea baba yake. Baba akinywa, mambo yamekwisha, binti ana watu wengine. Hakuna anayekunywa kabla ya msichana.

"Mwanangu," Baba akasema, "hawa watu unawafahamu?"

"Nawafahamu, Baba."

"Kinywaji chao tukinywe au tukiache?"

Nikashika mrija. Nyuki mmoja alikuwa anazunguka mdomo wa kibuyu. Niliinua macho mara moja tu na Fideli alikuwa ananiangalia. Sijawahi kuangaliwa vile. Hakuniomba kitu. Aliniangalia kama mtu anayeangalia nyumba yake kutoka ng'ambo ya mto. Nikaweka mrija mdomoni. Nasema kweli, nilikuwa nakunywa. Ulimi wangu ulishausikia ukali wa ndizi kwenye ncha ya mrija.

Pale nyuma ya kiti cha Baba alisimama Joan, ameshika mkono wa kiti, mdomo wazi, ananyonya hewa kama ananisaidia.

Sikuvuta. Wala sikuutoa mrija. Nilibaki hivyo, na uwanja ukaanza kunyamaza kutoka mbele kwenda nyuma.

"Petronila," Baba akasema taratibu.

Mtu akakohoa. Mama Fideli akamwinamia mwenzake, "Si nilisema."

"Mwanangu, watu wanangoja."

Ndipo kivuli kikanifunika. Fideli alikuwa amesimama mbele yangu. Akainama, akautoa mrija mdomoni mwangu kwa vidole viwili, polepole, akakichukua kibuyu.

"Baba," akasema, na sauti yake ilifika kila mahali, "naomba msamaha. Pombe hii naichukua mwenyewe."

Hakuna aliyeelewa kwa mara ya kwanza. Mzee Ntirampeba alisimama kwa msaada wa fimbo. "Kijana, kaa chini. Jua limekupiga."

"Sijapigwa na jua, Mzee."

"Umekunywa nini njiani?"

"Sijanywa kitu. Binti hana kosa lolote. Alikuwa anakunywa, wote mmeona. Mimi ndiye nimebadilisha moyo."

"Umebadilisha moyo," Baba akarudia, kama anaonja neno.

"Unajua unachofanya?" Mzee Ntirampeba sasa alikuwa ananong'ona, lakini uwanja ulikuwa kimya na tulisikia wote. "Mwanaume akirudisha kibuyu chake kutoka magotini kwa binti ya watu, hakanyagi tena uwanja huo. Si mwaka huu, si mwaka wowote. Hata msibani."

"Najua, Mzee."

Nikafungua mdomo. Fideli akaniangalia mara moja, akatikisa kichwa kidogo sana, na mimi nikaufunga. Hilo ndilo nililoweza kumfanyia, kunyamaza.

Mama yake alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. "Nimezaa nini mimi," akawa anasema. "Nimezaa nini." Wanawake wa jirani, wale wale wa asubuhi, walianza kumzomea mwanawe, mmoja akamrushia ganda la ndizi likampiga begani kwenye koti. Hakulipangusa. Baba alisimama.

"Ondokeni kwangu," akasema. Hakupaza sauti. "Nilikupenda, kijana. Nilikuwa nawaambia watu nimepata mtoto wa kiume. Ondoka kabla sijasahau kwamba wewe ni mgeni."

"Ndiyo, Baba."

"Usiniite hivyo."

Wakaingia kwenye gari wakiwa wamebeba kibuyu kilichojaa. Shangazi Uwimana alinikumbatia pale pale kwenye mkeka, analia kuliko mimi. "Amekuokoa," akawa ananiambia sikioni. "Mwana wanje, amekuokoa aibu." Nilijua. Kila mtu uwanjani alikuwa ananionea huruma na kumlaani yeye, na itakuwa hivyo hivyo gulioni na kanisani, na mimi sitaweza kusema hata neno moja la kumtetea.

Gari halijamaliza kilima nikalisikia wingu kwenye mifupa.

Nilipopita mlangoni na ungo chini ya kanga hakuna aliyeniuliza. Msichana aliyeachwa ana ruhusa ya kwenda kulia popote.

Inyamanza alikuwa juu ya jiwe, anatikisa mkia. "Umekuja," akasema. "Nilidhani leo ningemkuta yule mdogo."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza."

Nikapanda. Sijui kama nuru huwa inaijua hali ya mtu, lakini siku hiyo ilinichukua kwa ukali. Kitenge kile cha posa kilitoa mwanga mpaka macho yakaniuma mwenyewe. Wingu lilikuwa zito na la kijani chini, lile baya. Nikaingia ndani yake na ungo wangu, nikapepeta. Mawe mengine makubwa kama mayai ya kanga. Yalinipiga mabega, yalinipiga mikono, nikayarusha mtoni nikirudi kuchota mengine.

Kupitia mwanya wa wingu niliiona barabara ya lami itokayo Benaco kwenda Biharamulo, na pikapu yao inakwenda. Walikuwa wamesikia ngurumo. Wale waliokaa nyuma walivuta turubai wakajifunika vichwa, mama yake, mshenga, wote. Mtu mmoja hakujifunika. Alikaa pembeni ya bodi ameelekeza uso kwenye kilima chetu, kichwa wazi, kibuyu katikati ya miguu yake. Mama yake alikuwa anamvutia turubai, naye analisukuma pembeni.

Alijua hakuna jiwe litakalomgusa.

Nikafanya kazi juu ya lile gari mpaka likapinda kona ya mwisho. Mvua safi tu ndiyo iliyomwangukia. Ilimlowesha mwili mzima, na kutoka kule juu sikuweza kuona kama analia.

Nilirudi nyumbani kiza kikiingia. Baba alikuwa amekaa peke yake kwenye kile kiti cha mbele, uwanja mtupu, koti la Pasaka limelowa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umelia vya kutosha?"

"Ndiyo, Baba."

"Imewanyeshea njiani," akasema. "Nilikuwa naomba iwapige na mawe. Mawili matatu tu, yampate yule." Akaniangalia. "Mtu asiye na moyo, Petronila. Usimlilie."

Nilisimama mbele ya baba yangu. Yeye alingoja.

"Ndiyo, Baba," nikasema.

Joan alinipokea chumbani na taulo. Akanikalisha kitandani, akaanza kunikausha nywele kama mtu mzima, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo.

"Dada, kuna barafu kwenye nywele zako."

"Nilichelewa kurudi."

"Sasa utaolewa lini?"

"Labda ukiwa mkubwa."

Alifikiri, anaichambua ile barafu kwa kucha, anaitupa sakafuni inayeyuka. "Basi nitakuwa mkubwa haraka," akasema.

Nikamshika mkono, nikakibana kiganja chake chembamba kwenye shavu langu.

"Usiharakishe," nikamwambia.